Kilima cha Vichwa Maji

Jumatatu, 4 Machi
Leo miaka thelathini na mmoja tangu niondoke kwetu. Binti yangu amesahau, nami sikumkumbusha. Nimekunywa chai, nimesoma gazeti, basi.

Mkwe wangu aliamka kabla ya wote akaenda kabatini kwa sisimizi wake. Wanaishi kwenye kiota cha plasta chenye kifuniko chekundu — wekundu hawauoni, hudhani ni giza. Malkia wake wa kwanza alimpoteza kwa kuchungulia. Malkia akisumbuliwa hula mayai yake. Huyu wa sasa humchungulia mara moja kwa juma, na siku zilizobaki anahangaika kama mwenye mgonjwa hospitalini.

Jumatano, 6 Machi
Amezaliwa sisimizi mwenye kichwa kikubwa! Kiota kichanga huwa na vibarua wadogo tu. Hawa wenye vichwa huja baadaye, wenzao wakishakuwa wengi, na wafugaji huingoja siku hiyo kama harusi. Jioni wakaja watu wanne wa chama chao. Walipokezana kioo cha kukuzia. Kichwa chekundu, kinang'aa, kimeuzidi mwili. Anatembea kama aliyejitwika mtungi. Mmoja akasema huyu hapatikani ila upande mmoja tu wa dunia. Upande wenyewe ni kwetu. Utotoni tuliwaita vichwa maji, tukiwatupia punje ili tuone wanavyozipasua.

Nikapewa kioo. Wote wananitazama mimi badala ya sisimizi. Nadhani walingoja machozi. Nikasema: kichwa kimekua. Binti yangu akacheka, "Baba naye!"

Sikuhisi kitu. Walipoondoka nilijaribu tena. Hakuna.

Jumamosi, 9 Machi
Amekuja mwenye duka la wadudu. Wenzake humwita Bwana Kibano, kwa kile kibano kisichotoka mfukoni mwa shati lake. Kwa ufupi: mvua za kwanza zikinyesha kwetu, malkia huruka siku moja, wakatua, wakajichimbia. Anataka mtu anayejua wanapotua, awachimbue akawauze. Tiketi yangu juu yake.

Nikasema najua. Ni kile kilima nyuma ya nyumba yetu.

Kumbe mkwe wangu amelipanga jambo hili kwa miezi. "Baba, utamwona shangazi," akaniambia, machozi yakimlengalenga. Mdogo wangu huyo ndiye pekee aliyebaki kule. Nimekubali.

Jumapili, 10 Machi
Nimempigia mdogo wangu. Kicheko, kisha kikohozi kirefu. "Njoo, kaka. Tuzeeke tukitazamana, picha zimenichosha." Nikamweleza naja na nani, na kwa nini.

Halafu akasema, bila hasira, kwamba msimu uliopita walifika wachimbaji wa namna hiyo kwa jirani yake. Waligeuza udongo wote kutafuta malkia; mvua ikaja, shamba likaenda na maji. Kilima chetu hawakukijua. Chini yake ndipo anapolima, hana pengine.

"Ukija peke yako, mlango uko wazi. Ukija nao... wewe ni mkubwa wangu, sikufundishi."

Peke yangu. Mimi ambaye ngazi za jengo hili nazishuka nikishikwa mkono.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemuuliza mkwe wangu, malkia wanaosafirishwa, wangapi huishi? "Katika kumi akipona mmoja, baba, tunashukuru." Kwa upole, kama anazungumzia hali ya hewa. Si mtu mbaya. Huninunulia dawa kabla hazijaisha.

Alhamisi, 14 Machi
Bwana Kibano yuko sebuleni. Ametandaza ramani mezani. Kijiji chetu hakimo, kuna mto tu na weupe. Anataka niweke kidole. "Hapa, mzee, au ng'ambo ya mto?" Nilifikiri kumwonyesha ng'ambo. Ng'ambo nako kuna mtu analima.

Nikasema, ngoja nikalete miwani. Miwani ninayo usoni. Nawasikia huko wanacheka; mkwe wangu anasema mzee amechanganyikiwa kwa furaha. Binti yangu ameshafungua sanduku kitandani, kapakia sweta ambalo kule halina kazi. Sijamwambia neno. Mdogo wangu atapiga simu jioni, atake kujua ni siku gani na ninafika na nani.

Mlango unagongwa. "Baba, wanakusubiri."

Sitarudi kwetu.