Asali ya Chumbani

Jumatatu, 3 Juni

Shajara, niwie radhi. Nimekutupa tangu mvua zianze, na udhuru sina. Leo nimelazimika: mdogo wangu wa mwisho yu karibu kuachishwa bendi! Kiongozi amemwambia gitaa lake halisikiki, eti vidole vimezeeka. Jumamosi watamsikiliza mazoezini, kisha waamue.

Amejifungia chumba cha uani, anasogeza vijiti vya ekwalaiza, vya kupandisha na kushusha besi na sauti kali, kwenye ampu yake, kile kikuza sauti cha gitaa, kutwa nzima. Akipiga peke yake ni asali. Besi nzito, nyuzi nyembamba zinameremeta. Mbona hawamsikii?

Alhamisi, 6 Juni

Mke wa mwanangu amekuja. Ni fundi wa mitambo ya sauti. Alisikiliza akiwa amefunga mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani.

“Mjomba, hii umeirekebishia humu humu, peke yako?”

“Sasa nikairekebishie sokoni?”

Akacheka. Akaeleza: besi anayoipandisha humezwa na gitaa la besi, sauti kali hufunikwa na matoazi, na zile za kati, ambamo gitaa huishi, amezishusha mwenyewe kwa sababu chumbani zinakera. Akashusha besi, akainua vijiti vya kati, kidogo kidogo, akisikiliza kila mara.

Lo! Gitaa likatoka kama mtu mwenye mafua.

“Dada, sikia! Sauti ya bata hii!”

“Bata anasikika, Mjomba.”

Akawasha rekodi ya ngoma na besi za bendi, akamwambia apige juu yake. Jamani! Kila noti ilisimama wazi, kama neno lililotamkwa sawasawa. Wala hakuongeza sauti ya ampu hata chembe. Miaka yote nimefundisha watoto kutamka. Mkwe huyu anafundisha chuma.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda mazoezini. Ukumbi wa bati, mwangwi mtupu. Na mkaidi wangu alikuwa amevirudisha vijiti kwenye asali yake! Wimbo wa kwanza: vidole mbio, sauti hakuna. Kiongozi akatikisa kichwa.

Mkwe wangu hakugusa kitu. Alimwinamia tu: “Mjomba, unajipigia au unatupigia?”

Mdogo wangu akavisogeza vijiti mwenyewe, uso wa mtu anayemeza dawa. Wimbo wa pili — mpiga ngoma akageuza shingo!

“Mzee, ulikuwa wapi siku zote?” akauliza kiongozi. Atabaki, ila kwa sharti: vijiti avishike mkwe wangu, maana kila ukumbi una mwangwi wake. Mdogo wangu hajawahi kumruhusu mtu aiguse ampu ile. Mimi mwenyewe huishia kuifuta vumbi juu. Amesema atajibu kesho.

Jumapili, 9 Juni

Hajajibu. Kiongozi amepiga simu, nimesema anaoga. Akapiga tena. Bado anaoga!

Mkwe ameketi barazani na chai yake, hana haraka. Binti huyu ana subira ambayo haifundishwi darasani.

Mdogo wangu ametoka, ampu mikononi. Ameiweka chini kati yao, vijiti vikimwelekea mkwe. Lakini mshikio bado ameukamata.

Akiuachia, au akiibeba kurudi ndani, nitaandika.