Filu na Kanape ya Wageni

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 mwezi wa kumi

Leo tena. Nilifagia salon, nikakunguta fotei mbili za mutu moja-moja na kanape, kile kiti kirefu, nikatandika vitambaa vyeupe Mama alivyofuma mwenyewe. Nikaenda kuchota maji. Kurudi, Filu amelala ku kanape, kidevu ku mukono wa kanape, kama mutu anayengoja chai. Manyoya kila mahali. Na vumbi nyeusi ya mawe ya volkano ya mutaa wetu wa Mabanga ku kitambaa.

Nikamwambia ashuke. Akaniangalia. Akafunga macho.

Makelele yakaniangukia mimi, si yeye. Mama alisema ile kanape ni ya wageni, hata watoto aliowazaa hawaiketie, sembuse imbwa ya muzungu. Ni kweli. Niko na miaka kumi na sita, na sijawahi kuegemea pale. Mimi na dada yangu Furaha tunaketi ku mukeka.

Filu hana kosa sana. Alikomalia tangu mudogo ku Himbi, mutaa wa watajiri, kwa madame moja muzungu, mahali Papa anafanya usentineli. Kule imbwa inaketi ku kanape na kuangalia televisheni. Wakati wa vita, mwezi wa kwanza, madame alikimbia na sanduku moja. Papa akabaki na funguo na imbwa. Madame alisema atarudi. Mpaka leo Papa anachunga nyumba isiyo na mutu, kila usiku. Imbwa akaileta kwetu.

Siku ya pili, tarehe 7

Hukumu imetoka. Familia ya fiancé wa Furaha watakuja kujitambulisha siku ya posho, ile inayotangulia siku ya Mungu, tarehe 18. Mama amesema: kama siku ile Filu anapanda tena, anakwenda Mugunga. Kule kuna mwenye depo ya mbao, anatafuta imbwa ya kufunga munyororo. Papa akakohoa. Mama akanigeukia: wewe ndiye unashinda naye, mufunze.

Nitaandika ukweli, kwa sababu hapa hakuna mutu anasoma. Filu ndiye mutu pekee ninayesema naye kwa sauti. Ku masomo, mwalimu akitaja jina langu, ninainamia daftari. Kifaransa ninakijua. Kiswahili ninakijua. Midomo haifunguke mu luga zote mbili. Lakini kwa Filu ninaongea mpaka ninachoka. Ni haya kuandika hivyo. Ndivyo ilivyo.

Siku ya tatu, tarehe 8

Mama alisema fimbo. Nikachukua mwiko. Alipopanda nikamupiga ku mugongo, mara mbili. Akakojoa palepale, ku simenti, akanitazama huku anakojoa.

Nilimupiga kama vile mimi nilipigwaka. Mukono ulijua wenyewe. Nimejichukia siku nzima.

Siku ya tano, tarehe 10

Nimepata.

Nilikuwa ninakariri somo la kesho, verbe descendre, kwa sauti, juu nyumba ilikuwa tupu. Filu alikuwa ku kanape kama kawaida. Nikasema «descends». Akashuka. Hivyo tu. Akasimama mbele yangu, mukia unacheza, anangoja lingine.

Kumbe tangu mwezi wa kwanza tunamusemesha luga asiyoijua, na tunamupiga juu hasikie. Mimi nilifanyiwa vilevile ku primaire, shule ya musingi. Nilikuja na Kiswahili cha nyumbani, mwalimu akaniuliza kwa Kifaransa, nikanyamaza, akanipiga ku vidole. Tangu pale nimenyamaza.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Baada ya misa nilitandika gunia karibu na mulango wa salon. «Couché.» Analala. «Pas bouger.» Habuge, hasogee hata kidogo. Ninatoka inje, ninamuchungulia ku dirisha, bado yuko. Nikirudi ninamupa ukoko wa fufu. Sauti yangu ni ndogo lakini anaisikia. Hakuna mutu mwingine anaisikia hii sauti.

Furaha alisimama ku mulango akacheka. «Vizuri. Sasa mutakuwa wawili wa kuketi chini.»

Anaolewa yeye. Anacheka anavyotaka.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Nimerudi masomo, kanape imejaa manyoya. Mama alitangulia kuona. Kofi. Sikulia.

Sielewe. Mbele yangu hapandi. Nikimuacha peke yake hapandi, nimemuchungulia mara nyingi. Nani anamupandisha?

Siku ya tatu, tarehe 15

Mwalimu wa fizike hakuja, wakaturudisha mapema. Mama alikuwa sokoni, Furaha kwa mushonaji. Nyumba yetu ni ya mbao, kati ya mbao na mbao kuna nafasi. Nilisikia mutu anaongea mu salon, nikaweka jicho.

Papa. Ametoka ku kazi ya usiku, buti ameziacha chini, amejilegeza ku kanape, soksi zimetoboka. Filu alikuwa bado ku gunia lake. Papa akamwambia, polepole, kama kwa rafiki wa zamani:

«Panda, muzee. Wenyewe hawako.»

Filu akapanda, akaweka kichwa ku mapaja yake. Papa akamushika sikio, akaanza kumuhadithia usiku wake: mvua, paka ku ukuta, vile geti inalia. Alimwambia hata kwamba anaogopa kule ndani peke yake. Papa anaogopa. Sikujua.

Nikaelewa yote. Ndivyo walivyofanyaka ku Himbi kila madame akisafiri, na lile «panda» ndilo neno pekee la Kiswahili Filu analijua. Wawili ku kanape ya mwenyewe.

Nilisimama ku mawe inje mpaka miguu ikaniuma. Papa hajawahi kunishika kichwa hivyo. Sijawahi kusikia hadisi hata moja ya usiku wake.

Siku ya ine, tarehe 16

Nikimwambia Mama, ninamuvua Papa nguo mbele ya bibi yake. Nikimwambia Papa, atajua nilimuona. Mutoto hamwambie baba yake: nilikuona.

Jioni nilimupelekea chai, nikabaki nimesimama. Akauliza ninataka nini. Nikasema hakuna, Papa.

Kisha akaketi ku kanape, yeye mwenye nyumba anaruhusiwa, Mama alikuwa pale anachambua maharagi. Filu akainuka ku gunia, akaenda kwake. Papa akamusukuma na muguu: toka. Filu akarudi nyuma, anamutazama, hajui amekosa nini.

Mimi nilijua. Nilimuchukia Papa. Nimeandika, sifute.

Siku ya posho, tarehe 18

Nitaandika yote, hata mukono ukichoka.

Tulingoja watu wachache, wakakuja wengi, wametoka mutaa wa Murara, wamevaa pagne, vitenge vya kufanana. Wazee wao wawili wakapata fotei. Wengine wote viti vya plastike, tulivyoazima ku chapelle, kanisa dogo la karibu. Papa aliketi ku kanape, juu mwenye kutoa binti ndiye anaketi pale, na ndugu yake mukubwa ndiye wa kuketi karibu naye. Lakini huyo Baba mukubwa hakufika, barabara ya Rutshuru ilikuwa mbaya. Basi nafasi ile ikabaki wazi.

Filu nilimufunga nyuma ya nyumba. Akalia. Akalia kama mutoto anaachishwa ziwa. Musemaji wao, muzee mwenye kofia, akasimamisha maneno yake:

«Papa, sisi tulikuja kuomba mutoto moja. Huyu mwingine munamuficha huko nyuma, ana kasoro gani?»

Watu wakacheka. Papa pia. Halafu akasema, mbele ya wote, kwamba hii imbwa imefunzwa, binti yake mudogo ndiye alimufunza, aletwe waone. Ilikuwa mara ya kwanza Papa ananisifu mbele ya watu. Nilipaswa kukataa. Nilijua ile nafasi iko wazi pale karibu naye. Lakini mashavu yaliwaka, nikafurahi. Nikaenda kumufungua.

«Couché.» Akalala ku gunia. «Pas bouger.» Mama moja wa upande wao akasema bwana yake hajamusikia hivyo hata siku moja. Wakacheka tena. Dakika ile nilikuwa mutu.

Maneno yakawa marefu. Viatu vya Papa vilikuwa vya kuazima, vilimubana. Nilimuona anatoa kisigino moja, kisha kingine. Akapumua. Akajilegeza nyuma, kama ile asubuhi alipotoka kazi.

Filu pia alimuona. Akainuka bila haraka, akapita kati ya miguu ya wageni, akapanda. Mvua ilikuwa imenyesha, matope nyeusi ku kitambaa cheupe. Akaweka kichwa ku mapaja ya Papa.

Na mukono wa Papa ukaenda ku sikio, wenyewe. Ukagusa. Ukasimama. Ninazani mimi peke yangu niliona.

Hakuna mutu alicheka. Muzee mwenye kofia akatazama watu wake waliojipanga ku plastike, akatazama kanape.

«Sisi ku plastike, imbwa ku kanape. Tumepokelewa, Papa.»

Papa akaruka kama amekalia moto. Akamutupa Filu chini. Akanyoosha kidole.

«Ni huyu mutoto. Hajui kusema. Hata imbwa haimusikie.»

Wote wakanigeukia. Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa yote pale, mu luga zote mbili. Midomo haikufunguka.

Siku ya Mungu, tarehe 19

Sikuenda misa.

Ndoa haikuvunjika. Wametuomba amande, faini ya jogoo na kreti ya bia, ndipo watarudi kuongea. Mama anasema tangu azaliwe hajasikia upande wa binti kulipa amande. Furaha hasemi na mimi.

Filu anakwenda Mugunga kesho. Papa mwenyewe alisema, anatazama ukuta. Akasema nimupeleke mimi, juu hafuate mutu mwingine.

Uongo, Filu anamufuata yeye. Alinitazama kidogo akisema hivyo, na nikaona kama anajua ninajua. Akaenda kazini mapema, jua bado liko juu. Hakupita kwa Filu.

Siku ya kwanza, tarehe 20

Motari watatu, watu wa pikipiki, walikataa kubeba imbwa. Tukaenda na miguu, yeye na kamba, upande wa barabara, matope ya magari yanaturukia. Alifurahi. Alizani tunatembea. Nilimuhadithia njia nzima, kwa Kifaransa, mbele ya watu, na sikuona haya. Mutoto moja alitufuata akicheka: muone, anasemesha imbwa kizungu. Sikujali.

Mwenye depo si mutu mubaya. Aliuliza jina lake. Alitoa munyororo. Filu akaweka miguu ya mbele ku rundo la mbao, akanitazama, akashuka mwenyewe. Yule mutu akasema nimuache apande tu, hapa hakuna wageni.

Nilitaka kumupiga kwa lile neno, naye hakujua.

Nilimwambia Filu couché. Akalala ku vumbi la mbao. Pas bouger. Nikatoka. Ku barabara niligeuka. Bado amelala, kichwa kimenyooka, masikio yamesimama, anangoja nirudi na ukoko. Munyororo ulikuwa umelegea, hakuuvuta hata kidogo.

Nimemufunza vizuri.

Siku ya ine, tarehe 23

Mvua tangu asubuhi. Vitambaa vimefuliwa, havikauke.

Nilirudi saa sita. Papa alikuwa ku kanape, macho wazi, ameketi ku mwisho kabisa, amebana magoti. Nilisalimia nikataka kupita. Akaita jina langu. Akasogea kidogo zaidi, ingawa nafasi ilikuwepo.

«Keti hapa, mama.»

Hajaniitaka mama hivyo, kwa kunibembeleza, tangu nilipokuwa mudogo. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nilisikia mvua ku manjanja ya paa, nikatazama ile nafasi.

Nikamwambia nimeacha maji ku moto.

Nikaenda jikoni nikaketi. Moto ulikuwa bado haujawashwa.