Tarehe za kuzaliwa za Falone na Yves

Bunia, mutaa wa Ngezi

Yaya Augustin,

Siye tuko muzuri. Ngombe ya mama imezaa dume.

Barua yako ya kutoka Nizi ilifika. Unasema kampuni yenu inajaza upya fomu za impôt, kodi ya mishahara, za miaka ine ya nyuma, na unaniomba tarehe za kuzaliwa za watoto wako, sababu uliwaandika kama watu wenye unalisha, ili wakukate kodi kidogo.

Tangu bibi yako alikufa, ni kwangu wanakula na kulala. Hata mimi niliwaandika kwa fomu ya kazi yangu, na sitawafuta.

Tarehe ya Falone ni samedi hii, anamaliza miaka kumi. Panda moto, pikipiki, ukuje kula naye. Ya Yves sikuandikii. Atakuambia mwenyewe, kama atakutambua.

Dada yako mudogo mwenye anakungojea,
Adeline