Nilimdanganya Daktari kwa Sababu ya Mkwe

Kakamega mjini,
kwa binti yangu Yunia.

Selina mdogo wangu,

Mulembe, wewe na wote wa boma lako. Kabla hujasoma zaidi, geuza bahasha uangalie mgongo. Nimebandika gundi mara mbili, na pale inapofungika nimechora mstari wa kalamu. Kama mstari umekatika, yule mama wa kanisa niliyempa ailete ameisoma, na usimpe chai. Simu sitaki. Simu ya Yunia inapiga kelele kama ya mnada, na kila nikianza kuongea, watu wa nyumba hii wananyamaza wanisikilize.

Magoti yako yanaendeleaje? Na ng'ombe wangu amezaa? Juzi kwenye simu uliniambia, "Kila kitu kiko sawa, dada, usijali." Ulisema haraka sana. Nataka jibu lenye ng'ombe ndani yake.

Mimi sasa ni mwezi wa tatu tangu moyo unishike kule shambani kwenye maharagwe, mkanibeba. Hospitalini walisema ni mshtuko wa moyo, kwamba mshipa mmoja uliziba na sehemu ya moyo ikakosa nguvu. Wakaniruhusu kutoka, lakini wakasema nikae karibu na kliniki. Ndiyo maana niko huku, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Usicheke.

Nakaa kwa mkwe. Simo ndani ya nyumba yake, sijawa mwendawazimu. Wamenipa chumba cha nyuma chenye mlango wake. Lakini choo kiko upande wa pili, na kukifikia lazima nipite mbele ya veranda, na kwenye veranda anakaa nani? Yeye, na madaftari ya wanafunzi wake, kwa sababu anafundisha uashi huko chuoni Sigalagala na asubuhi nyingi haendi mapema. Wewe unajua tulivyolelewa. Mama yetu akimwona mume wako njiani, alikuwa anaingia ndani ya mahindi mpaka apite.

Sasa dawa. Nilipewa aina nne na sikuamini hata moja. Kuna kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nikiweka, kichwa kinagonga kama kinu. Nikasema, hawa wanahamisha maumivu yapande kichwani ili daktari wa moyo apumzike. Halafu kuna ile ya kutoa maji mwilini. Ukiimeza asubuhi, kabla ya saa nne umeenda choo mara tano. Mara tano mbele ya mkwe! Na kila nikipita anainuka kwa heshima na kugeukia ukuta. Mwalimu mzima, anainuka na kukaa kama watu wanaimba wimbo wa taifa. Nikaanza kujiuliza, kwa nini anakaa pale pale? Nani amemtuma anihesabu? Nikaacha ile dawa. Nikawa navifunga vidonge kwenye ncha ya leso.

Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Nalalanga nimeegemea mito mitatu, kama mtu anayekesha matangani, kwa sababu nikilala chali pumzi inakwisha. Sikumwambia mtu.

Siku ya kliniki Yunia alikuwa kazini, kwa hiyo mkwe ndiye aliyenipeleka. Yeye akakaa mbele na dereva, mimi nyuma, kimya mpaka hospitali. Sista akamwambia, "Ingia na mama, umsaidie kueleza." Akaingia! Akasimama akiangalia kabati. Daktari wa moyo ni msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Akaniuliza, "Mama, ukilala chali unapumua vizuri?"

Selina, habari za kulala chali, mbele ya mkwe!

"Nalalanga vizuri."

"Miguu inavimba?"

Nikavuta leso ikaifunika. "Haivimbi."

"Ukitembea kifua kinabana?"

"Hakibani."

Akataka nipande kitandani anikague. Nikasema leo mgongo unauma, siku nyingine. Akaniangalia, akaangalia foleni iliyokuwa mlangoni, akaandika. "Basi unaendelea vizuri kuliko nilivyofikiri. Tuonane baada ya miezi sita." Nikatoka nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatatu yake nilikuwa naanika nguo, pumzi ikakatika. Nikakaa chini kwenye majani. Yunia alipokuja kula chakula cha mchana akanikuta pale. Aliponiinua, leso ikafunguka, vidonge vikamwagika kama mbegu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni vidonge. Huna macho?"

"Kwa nini hujavimeza?"

"Na mume wako kwa nini anakaa verandani kama askari wa lango?"

"Anaogopa utaanguka njiani na hakuna atakayekuona! Aliomba kazini aingie saa nne kwa sababu yako!"

Akaniingiza chumbani. Baadaye nikasikia mtu anakohoa nje ya mlango. Hakuingia. Alisema akiwa amenipa mgongo, "Mama, veranda naweza kuhama. Lakini daktari asipojua ukweli, mimi ndiye nitakayepeleka habari ya msiba nyumbani kwenu Mautuma. Usinipe hiyo kazi."

Nikamwita Yunia, nikamwambia kesho tunarudi kliniki.

Siku ya pili Yunia akaomba ruhusa, tukarudi kliniki wawili. Nilieleza yote, hata mito, hata choo. Daktari akasema, "Mama, ulinidanganya."

"Nilikudanganya kwa heshima."

Akacheka. Akasema dawa ya maji naweza kumeza hata saa sita, mkwe akishatoka, ningeuliza tu. Lakini alipopitisha mashine kifuani na yale mafuta baridi, hakucheka tena. Moyo unasukuma kwa nguvu kidogo, na maji yamejaa. Anataka niende Eldoret, kwa mtaalamu anayepitisha mrija mwembamba kutoka mkononi mpaka kwenye moyo, aone mshipa ulioziba na pengine aufungue.

Nikamuuliza, "Na huko ndani ataniachia nini?"

"Labda kiwaya kidogo cha kuushikilia mshipa usizibe tena."

"Wewe mama yako ungemfanyia hivyo?"

"Mama yangu alikataa," akasema, akaangalia karatasi.

Nikamwambia, basi andika barua. Lakini usidhani nimekuwa mjinga. Ile barua ya Kiingereza ya kwenda Eldoret nimemfanya Yunia anisomee mara mbili, halafu nikampa jirani naye aisome, nione kama maneno ni yale yale. Ni yale yale.

Safari ni Jumatatu, ikishapita Jumapili hii. Anatakiwa mtu wa kuwa nami wodini, wa kuninyanyua, kuniogesha na kusikia anachosema mtaalamu. Yunia ana mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo ni wewe. Najua utasema magoti. Magoti hayo hayakukuzuia kwenda kucheza harusini Lubao. Njoo na sweta, Eldoret kuna baridi. Chupa ya mizizi ya jirani yako iache huko huko, nitakukagua mkoba.

Msalimie shemeji, mume wako, mwambie apunguze chumvi. Msalimie mke wa mwanangu wa kwanza aliyebaki bomani kwangu, na umwambie najua anatumia sufuria yangu kubwa. Msalimie pasta, aniombee bila kutaja miguu yangu kanisani.

Na usipofika Jumapili, sitakungoja. Mkwe ameshasema atakwenda. Ataketi kando ya kitanda, ataniosha hii miguu, na mtaalamu akiuliza, nitajibu kila kitu akiwa hapo hapo anasikia. Ukisikia watu sokoni wanasema Peris ameoshwa na mkwe wake, usijifiche ndani ya mahindi. Waambie ni kweli, na uwaambie ni nani aliyekataa kuja.

Mimi dada yako mkubwa, niliyekubeba mgongoni,
Peris