Kundi Letu Liitwalo Kura Pamoja

Mpendwa dada Spesi,

Shikamoo, kwa ule mwaka mmoja unaonizidi, ambao hukukubali niusahau hata siku moja. Naandika bila kujua pa kuipeleka barua hii. Siku malori yalipokuja kuwarudisha kwenu Burundi ulinitajia jina la mlima wenu mara moja tu, injini zikinguruma, nami nikaitikia kama niliyesikia. Sikusikia. Kwa hiyo nitaibandika mlangoni pa chumba cha kompyuta ninapofanya kazi sasa, hapa Kabanga, karibu na yanaposimama mabasi. Wanaovuka mpaka wanapita hapa, na wabadilisha fedha wakikosa wateja husoma chochote kilichobandikwa. Huenda mmoja wao akakufikishia.

Unakumbuka darasa la kompyuta la kambi yenu ya wakimbizi, lile lililoturuhusu na sisi wa vijijini? Mimi nilikuja kwa baiskeli. Deusi wa Nyamigogo, kule Biharamulo, alikuwa amefikia kwa mjomba wake. Wewe ulitembea tu kutoka kwenye nyumba yenu ya udongo na turubai. Tulipaswa kujifunza kuandika barua za kuomba kazi. Mwalimu akitoka, tulifungua ule mchezo wa mtandaoni ambamo kila mtu anajitengenezea mtu wake, anaungana na wenzake, na wote wanashuka pangoni kupigana na majitu. Mtandao ulikuwa mzito kupita kiasi. Jitu likiinua rungu, tulipata nafasi ya kumenya ndizi kabla halijalishusha.

Siku ya kuandikisha kundi tulikubaliana liitwe Kula Pamoja. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kibodi. Kirundi chako kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye ulimi mpaka kwenye vidole, ukaandika Kura Pamoja, ukabonyeza, na mchezo ukakataa katakata kubadilisha. Deusi alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa tumekuwa chama cha siasa!"

"Cheka tu," ukamwambia. "Reo nitakuacha ufe pangoni."

Na ungeweza, maana dawa zote zilikuwa kwako. Mchezo ule una vitu vya kutumika vikaisha: chupa za dawa ya majeraha, mikate ya kuongeza nguvu, mishale. Kila tulipotaka kushuka tuligombana nani avilete. Deusi, mkono wa birika, alisema kila mtu aje na vyake. Mimi nilisema alete yule anayebeba panga na ngao tunazoziteka, na kwa kuwa aliyezibeba siku zote ni Deusi, unajua nilikuwa namsema nani. Wewe hukubishana na mtu. Sisi tukiendelea kupayuka, mtu wako mwenye kanzu ya kijani alikuwa anazunguka msituni akichuma majani, anachemsha, anajaza chupa. Tukifika mlangoni pa pango, unatugawia.

Siku moja nilikuuliza, wakati wa mapumziko. Tulikuwa tunakula ndizi zangu za kuchemsha na njegere zako za mgao ulizozileta kwenye kopo. Hukuwahi kugusa ndizi zangu kabla hujafungua kopo lako.

"Spesi, kwa nini unakubali kuwa mtumishi wetu?"

Ulitafuna taratibu, ukameza. "Edita, mimi tangu niko mtoto napanga foreni. Unga nagawiwa, mafuta nagawiwa, hata sabuni. Kwenye mchezo ndiyo nagawa mimi. Usininyang'anye."

Nikaongeza ndizi kwenye kopo lako, ukanisukuma bega, tukarudi darasani.

Kisha kambi ikaanza kufungwa. Mara yako ya mwisho darasani ulikaa kimya kwenye kona, tukadhani unaaga watu kwa barua pepe. Kesho yake, ukiwa juu ya lori, umekalia godoro lenu lililofungwa kwa kamba, uliniinamia ukasema, "Nimewaachia kitu kwenye sanduku. Msigombane." Lori likaondoka, vumbi likanijaa usoni, nikapata kisingizio cha kufuta macho.

Nilipofungua sanduku la kundi nilikuta limejaa chupa nyekundu, na kila chupa ina jina la aliyeitengeneza, kama mchezo ule unavyofanya. Spesi, Spesi, Spesi, mpaka chini. Nilimwambia Deusi, ambaye amesharudi kwao, kwamba akigusa hata moja nitamfuata hukohuko Biharamulo. Tangu hapo tumepigana bila dawa na tumekufa vifo vya aibu, lakini chupa zako hazikuguswa. Niliona zikiisha ndiyo umeondoka kweli. Nimekukumbuka mno, dada, na haya sijamwambia mtu mwingine.

Juzijuzi tulipata mtu mpya. Hatumjui, anajiita Mgeni. Dawa hana, mkate hana, na panga lake ni la mbao. Alikuja hivyohivyo siku ya kwanza, akaja hivyohivyo tena, na kila mara anakufa kabla yetu. Jana Deusi akaandika mbele ya wote, "Huyu ni kupe. Jina letu ni Kura, basi tupige kura atoke." Wengine waliojiunga baada yako wakamuunga mkono, wakabaki kunisubiri mimi, kwa kuwa ulipoondoka uliniachia mimi uongozi wa kundi. Mgeni hakujitetea. Aliandika tu, "Sina kitu, ila naweza kutangulia."

Nilikaa nikiyatazama maneno hayo. Nje kondakta alikuwa anaita abiria wa Ngara, na mteja wangu mmoja alikuwa analalamika kwamba kompyuta imeganda. Nikawaza chupa zako sandukuni, nikaogopa kama mtu anayetaka kutoa nguo ya marehemu, na wewe hujafa. Mwishowe nikaandika, "Deusi, jina letu ni Kula. Wewe ulikuwepo."

Jibu lilichelewa, na safari hii kosa halikuwa la mtandao.

"Niko nawe," akaandika. "Mfungurie."

Mfungurie, Spesi! Deusi, aliyekucheka mpaka akakaa chini! Nilicheka na kulia kwa pamoja, yule mteja akahama kiti.

Nikafungua sanduku. Nikamgawia Mgeni kwanza, kisha wote. Tulishuka, tukanywa bila kubania, na lile jitu la chini kabisa ambalo halijawahi kutuacha hai likaanguka. Mgeni alikuwa mbele kama alivyoahidi. Tulipotoka akauliza, "Spesi ni nani? Jina lake liko kwenye kila chupa."

Nikamjibu, "Ndiye aliyeleta."

Sasa sanduku ni tupu, na mimi nimeanza kuchuma majani. Sina mkono wako. Nusu ya dawa naziunguza. Lakini nitalijaza. Siku utakapopata kompyuta huko mlimani kwenu ambako sikusikia jina lake, ingia tu. Usilete kitu, dada. Safari hii nagawa mimi.

Najua hutakubali. Basi njoo na kopo lako, nami sitagusa ndizi mpaka ulifungue.

Ni mimi, mdogo wako wa Kura Pamoja,
Editha