Kinachofanya Kazi Chinichini

Jumanne, jioni

Kumbe si uzee wa kompyuta. Imekuwa nzito wiki nzima, basi leo nimeipeleka kwa Shabani, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Mutakura. Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, akanionyesha moja.

"Dada, hii inapiga picha ya kila kitu unaandika, inamutumia mutu."

"Ni virusi?"

"Apana. Mwenye kuiweka anajua mot de passe yako."

Neno langu la siri analijua mume wangu Désiré, peke yake.

Shabani alitaka kuifuta. Nikamkataza. Ikitoweka, Désiré atajua kwamba nimegundua.

Ndiyo maana naandika kwenye daftari. Yuko sebuleni. Ameshaniuliza mara mbili, kwa upole, kwa nini leo sijawasha kompyuta.