Matundu Tuliyoyaziba

Huanshi Zhonglu,
Guangzhou.
Juni 12, 2025

Mpendwa mdogo wangu Elinami,

Nakusalimu wewe, wifi Kissa na watoto. Mkono wa Mama unaendeleaje? Ameanza kula? Mimi ni mzima, ingawa mvua za huku haziishi.

Uliniomba niende kisiwani Shamian nikaione nyumba ya zamani ya makasisi wa Kiingereza, kwa kuwa hiyo yenu ya misheni unamokaa kama mchungaji, ambayo dari yake ilimwangukia Baba, ilijengwa na Waingereza vilevile. Nilikwenda Jumanne na Rahim, kijana wa Tanga anayesomea usanifu majengo hapa.

Zinafanana. Ghorofa moja, baraza pande zote, kuta za matofali na chokaa. Unene sentimeta hamsini na nne, nilipima mwenyewe.

Tulimkuta fundi mzee akibandua lipu. Wote humwita Shifu, yaani bwana fundi. Nilimwonyesha picha za nyumba yenu kwenye simu, Rahim akatafsiri.

"Nani alisema ipigwe lipu ya saruji?" akauliza.

"Wenye nyumba."

"Bu xing," akasema. Haifai. Akanionyesha matundu madogo ukutani, moja kwenye kila kichwa cha boriti. Unyevu wa ukuta hutoka nje kupitia hapo. Ukipiga saruji ukayaziba, boriti inaozea ndani, na kwa nje huoni kitu.

"Dada, kwenu mliyaziba kwa nini?" Rahim akauliza.

"Nyoka walikuwa wanaingia."

"Basi mngebaki na nyoka wenu."

Rahim hakuwa na habari za kifo cha Baba. Sikumwambia.

Elinami, fundi Jaffari alituambia mbele ya Mama kwamba nyumba ile inataka chokaa. Mimi nikasema chokaa ni mambo ya kizamani, wewe ukamwamuru aendelee na saruji. Baba alipokufa tuliandika maelezo polisi kwamba ni uzembe wa fundi. Sasa yuko mahabusu, na kesi inasikilizwa tarehe 30.

Maelezo yangu yale hayakuwa ya kweli. Nimeandika mengine, yamo humu pamoja na picha za matundu. Hasna anayeleta barua hii anayo nakala, na ataipeleka kwa wakili wa Jaffari Jumatatu. Wewe una Jumamosi na Jumapili za kuandika yako.

Mama asilale tena katika nyumba hiyo, hata usiku mmoja.

Nisalimie wifi, Edina na Derick. Mke wa Jaffari usimpelekee salamu zangu. Mwambie tu tulichofanya.

Mungu akupe nguvu ya kusimama madhabahuni Jumapili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado,
Dorothea